Je, Wajua Stereo Yako Hupotelea Wapi?

Tuma wimbo kutoka kwenye simu hadi kwenye sabufa yenye spika mbili, kisha kaa katikati yake. Ikiwa mwimbaji, gitaa, ngoma na waitikiaji wote wamesongamana mahali pamoja, yaelekea unasikiliza mono. Spika ni mbili, nyaya ni mbili, ila kinachotoka huku ndicho kinachotoka kule. Nyumba nyingi huishi hivyo miaka na miaka pasipo mtu kushtuka, kwa sababu mono haikwaruzi wala haikatikikatiki. Wimbo unaendelea vizuri tu, na hakuna anayejua kilichokosekana mpaka ausikie wimbo uleule ukipigwa sawasawa kwa jirani.

Kilichokosekana ni kitu ambacho masikio yetu yameumbiwa kukitafuta. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa takriban mita 343 kwa sekunde. Mtu akikuita kutoka kushoto, sauti yake hulifikia kwanza sikio la kushoto, kisha huzunguka kichwa na kulifikia la kulia ikiwa imechelewa kwa kama sehemu 6 au 7 kati ya 10,000 za sekunde. Ubongo huupima mchelewo huo. Katika mazingira tulivu, mtu anaweza kuhisi hata tofauti ya mikrosekunde 10, yaani sehemu 10 kati ya milioni moja za sekunde. Isitoshe, kichwa chenyewe huzikinga sauti nyembamba, hivyo sikio la mbali huzipata zikiwa zimefifia. Kwa vipimo hivyo viwili, mchelewo na nguvu, unageuza shingo upande sahihi hata gizani. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh aliyaeleza haya mwaka 1907.

Stereo huufanyia kazi ubongo huohuo. Spika ya kushoto hupewa mkondo wake na ya kulia hupewa wake. Chombo kilichowekwa kwenye mkondo wa kushoto pekee husikika kushoto. Kilichowekwa sawa kwa sawa pande zote mbili husikika katikati, mahali ambapo hapana spika yoyote. Mwimbaji mkuu wa nyimbo nyingi za leo huwekwa hapo. Jambo hili linanistaajabisha kila ninapolifikiria: unamsikia mtu akiimba kutoka kwenye ukuta mtupu.

Jijini Paris mwaka 1881, Clément Ader aliwawezesha watu kusikiliza muziki wa Opera kwa simu mbili, moja kwa kila sikio. Lakini aliyeijenga stereo kama tunavyoijua ni Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza. Inasimuliwa kwamba alikuwa sinema na mkewe akakerwa na jambo moja: mwigizaji anatembea kutoka upande huu wa pazia hadi ule, na sauti yake imeganda kwenye spika moja. Tarehe 14 Desemba 1931 aliwasilisha ombi la hataza, iliyokuja kupewa namba 394,325. Ndani yake alieleza namna ya kupanga maikrofoni na namna ya kuchonga mikondo miwili ndani ya mfereji mmoja wa santuri. Hakuishi kuziona santuri hizo zikiuzwa. Alikufa tarehe 7 Juni 1942, akiwa na umri wa miaka 38, wakati ndege aina ya Halifax iliyokuwa ikijaribu rada ilipoanguka. Santuri za stereo zilianza kuenea madukani mwaka 1958.

Tarehe hiyo ina maana kwa msikilizaji wa Kiswahili. Mwimbaji Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, miaka 30 kabla. Rekodi zake ni za mono tangu kuzaliwa. Ukimsikiliza Siti na sauti yake ikakaa katikati ya spika zako, kila kitu kiko sawa, na hakuna mtambo utakaokutolea zaidi ya hapo. Swali la kwanza kwa mwenye kulalamika kuhusu mono, basi, ni hili: wimbo wenyewe ulirekodiwaje?

Ukishajua kwamba wimbo ni wa stereo, usikimbilie waya. Tambua kwanza ugonjwa, maana stereo hufa kwa namna tofauti na kila namna ina dawa yake. Namna ya kwanza ni mikondo miwili kuchanganywa kuwa mmoja. Hapo vyombo vyote unavipata, ila upana umekwenda. Ya pili ni mkondo mmoja kupotea, ukabaki na spika moja inayoimba na nyingine iliyo bubu. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haijitangazi: mkondo mmoja unapotea, na ule uliobaki unapelekwa kwenye spika zote mbili. Spika zote zinaimba, nawe unaamini mambo ni shwari, kumbe nusu ya wimbo haimo chumbani.

Kipimo kizuri ni toleo la stereo la albamu ya kwanza ya The Beatles, Please Please Me, ya mwaka 1963. Waliochanganya sauti za albamu ile waliwaweka waimbaji upande wa kulia na vyombo upande wa kushoto. Kwa sikio la leo mpangilio huo ni wa ajabu, lakini kwa uchunguzi ni dhahabu. Ukisikia waimbaji huku na magitaa kule, stereo ipo hai. Ukisikia vyote kwenye kila spika, mikondo imechanganywa. Spika zote mbili zikitoa magitaa bila waimbaji, umenasa ugonjwa wa tatu.

Sasa ifuate sauti kutoka inakoanzia. Chai na maziwa vikishachanganyika havitenganishwi, na mikondo ya sauti ni hivyohivyo: ikiunganishwa mahali popote njiani, hakuna kifaa cha mbele kitakachoirudisha kama ilivyokuwa. Ndiyo maana ni kazi bure kubadilisha spika ilhali simu ndiyo iliyounganisha.

Na simu huunganisha mara nyingi. Katika mipangilio ya simu janja, chini ya sehemu ya ufikivu, kuna swichi ya kuigeuza sauti yote kuwa mono. Iliwekwa kwa ajili ya watu wanaosikia kwa sikio moja, ili wasikose maneno yaliyowekwa upande wasioweza kuusikia. Ni swichi ya heshima na inastahili kuwapo. Tatizo ni kwamba mtoto akichezea simu anaweza kuiwasha bila mtu kujua, na pale ilipo si mahali ambapo watu huingia kila siku. Kompyuta za Windows zinayo pia. Anzia hapo, maana kuikagua hakuchukui hata dakika moja.

Bluetooth ina tabia yake. Ina njia moja ya muziki, ambayo ni ya stereo, na nyingine ya mazungumzo, ambayo ni ya mono na yenye ubora wa simu. Programu yoyote ikifungua maikrofoni ya hedifoni zako, kwa kawaida kifaa huhama kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili. Muziki unakuwa mwembamba ghafla, sauti kali za juu zinatoweka, na kila kitu kinarudi katikati. Kwenye kompyuta hutokea sana mkutano wa mtandaoni ukiwa umeachwa wazi nyuma ya kazi nyingine. Funga programu hiyo, au iambie kompyuta itumie maikrofoni yake yenyewe na kuziachia hedifoni kazi ya kusikiliza tu. Ama zile spika ndogo za mkononi zenye koni moja ndani, hizo ni mono daima. Baadhi yake zinaweza kuunganishwa mbili mbili, lakini angalia hali uliyochagua: kuna hali ambayo moja huwa kushoto na nyingine kulia, na kuna ile ya sherehe ambapo zote huimba kitu kimoja.

Redio za mtandaoni zina siri yao. Ili kubana matumizi ya data, baadhi ya stesheni hutumia aina ya mfumo wa kubana sauti wa AAC ambayo hairushi mikondo miwili kamili. Hurusha mkondo mmoja, pamoja na maelezo mafupi ya namna ya kuugawanya kushoto na kulia. Kifaa kinachoyaelewa maelezo hayo huijenga stereo upya. Kifaa cha zamani huyapuuza na kucheza mono. Kwa hiyo stesheni ileile inaweza kuwa stereo kwenye simu yako na mono kwenye redio ya mtandao iliyo sebuleni, bila kifaa hata kimoja kuharibika.

Wazo hilo lina mizizi kwenye FM. Marekani ilipoidhinisha FM ya stereo mwaka 1961, wahandisi walitaka redio za zamani ziendelee kusikika. Wakarusha jumla ya kushoto na kulia mahali pa kawaida, halafu wakarusha tofauti yao juu zaidi, pamoja na mlio wa alama wa kilohezi 19 kuijulisha redio kwamba stereo ipo. Redio ya zamani ilichukua jumla ikatosheka. Redio mpya huchukua vyote viwili. Mawimbi yakidhoofika, redio hiyo hurudi mono kwa makusudi, kwa sababu ile tofauti ndiyo inayobeba mchakacho mwingi. Ikiwa sabufa yako inanasa FM na inasikika mono, inua antena kwanza.

Tunafika kwenye pini ya waya wa sauti, na hapa ndipo mafundi wa mitaani hukuta visa vingi. Itazame pini ya milimita 3.5. Mistari myeusi huigawa vipande. Mistari miwili ina maana ya vipande vitatu: ncha ni kushoto, kipande cha kati ni kulia, shina ni ardhi, yaani njia ya kurudishia umeme. Mstari mmoja maana yake ni pini ya mono. Mitatu maana yake kuna maikrofoni pia. Pini ya mono ikiingizwa kwenye tundu la stereo, huugusanisha mkondo wa kulia na ardhi, na upande wa kulia unakufa. Ikiwa waya huo unagawanyika mbele kuwa mbili, nyekundu na nyeupe, zote mbili zitapewa mkondo wa kushoto, na huo ndio ugonjwa wa tatu. Waya wa aina hiyo unafanana kabisa na ulio sahihi.

Kuna kisa cha pini ambacho huwashangaza watu kuliko vingine. Ardhi ikikatika, au pini ikiingia nusu, mwimbaji hutoweka! Vyombo vinabaki, pamoja na mwangwi wa mbali wa sauti yake. Bila njia ya kurudi, umeme hupita kutoka kushoto kwenda kulia, na koni husogezwa na tofauti tu iliyopo baina ya mikondo. Mwimbaji yumo sawa pande zote mbili, kwa hiyo hana tofauti, kwa hiyo hasikiki. Hedifoni zenye maikrofoni zikichomekwa kwenye simu ya zamani iliyopanga ardhi na maikrofoni kinyume, hutokea vilevile, na ukibonyeza kitufe cha kupokelea simu mwimbaji anarudi.

Nyuma ya sabufa au amplifaya, kagua rangi za nyaya za spika. Ukiunga nyekundu na nyeusi sawa kwenye spika moja na kinyume kwenye nyingine, koni moja husukuma wakati mwenzake anavuta. Besi hupungua na katikati hupoteza umbo. Hiyo si mono, lakini wengi huichanganya nayo.

Kwa wanaojiundia mtambo wa kutiririsha muziki kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kipo kijibodi maarufu cha amplifaya kinachotumia chipu ya MAX98357A. Mara nyingi huja kimepangwa kutoa wastani wa kushoto na kulia kwenye spika moja. Ukitaka stereo, nunua viwili na uviambie, kwa kubadilisha volti kwenye pini ya SD, kipi kiwe kushoto na kipi kulia.

Filamu ni suala la pembeni kidogo, ila linasumbua nyumba nyingi. Filamu yenye mikondo sita huweka mazungumzo kwenye mkondo wa katikati. Kisanduku cha TV kikichukua kushoto na kulia pekee bila kuuyeyushia ndani yake ule wa katikati, utasikia muziki na milipuko, na wahusika wakifumba na kufumbua midomo bila maneno. Katika programu kama Kodi, weka idadi ya chaneli kuwa 2.0 ili yenyewe ichanganye ipasavyo.

Baada ya yote haya nisieleweke kwamba mono ni adui. Spika za msikitini, kanisani na stendi ya basi zinapaswa kuwa mono, maana aliyesimama karibu na spika ya kushoto naye ana haki ya kusikia kila neno. Hata Pet Sounds ya The Beach Boys, albamu ya mwaka 1966 inayoheshimiwa dunia nzima, ilichanganywa kwa mono na Brian Wilson, ambaye sikio lake la kulia lilikuwa karibu halisikii kabisa. Mono iliyochaguliwa ni kazi halali ya mikono. Inayostahili kutafutwa na kuondolewa ni ile iliyojipenyeza bila kualikwa.

Kwa hiyo usimkubalie mtu anayekwambia sabufa imekufa kabla hajajaribu wimbo mmoja unaoujua, simu nyingine na waya mwingine. Na ukienda kununua huo waya, mwambie muuzaji autoe kwenye mfuko uione pini: hesabu mistari, na usilipe mpaka uione miwili.