MGONJWA NA UPANGAJI WA MAJARIBIO YA TIBA

Jaribio la tiba ni utafiti unaofanywa kwa watu ili kujua kama dawa, chanjo au njia fulani ya kinga inafaa na ni salama. Washiriki hugawiwa makundi, kila kundi likapewa huduma yake, kisha matokeo yakalinganishwa. Kwa miaka mingi mgonjwa alifikiwa mwishoni, mpango ukiwa umekwisha andikwa, akatakiwa kutia saini au dole gumba tu. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, lililofanyiwa marekebisho mapya Oktoba 2024, linataka washiriki na jamii zao washirikishwe kwa dhati kabla ya utafiti, wakati unapoendelea na baada ya kumalizika.

Zanzibar ina mfano wake. Kati ya mwaka 2011 na 2017 ulifanywa utafiti wa kutokomeza kichocho katika shehia 90, yaani 45 za Unguja na 45 za Pemba. Shehia zote zilipatiwa dawa ya prazikwanteli mara mbili kwa mwaka. Theluthi moja iliongezewa uuaji wa konokono majini, na theluthi nyingine elimu ya kubadili mwenendo. Mpango wa elimu hiyo haukuletwa ukiwa tayari. Watafiti walikaa kwanza na wananchi, wakiwemo walimu na wazazi, wakatunga pamoja nao.

Mtaalamu anajua kwamba vimelea hutoka kwa konokono vikapenya ngozi ya aliyeingia majini. Mama wa shehia anajua kwa nini mtoto aliingia: nguo hazina pahala pengine pa kufuliwa, na mchezo wa majini hauzuiliki kwa makaripio. Kwa hiyo zilijengwa sehemu za kufulia na za kukojolea, na watoto wakafundishwa michezo mingine. Walimu wa madrasa nao walipewa mafunzo, jambo la busara katika nchi ambayo mtoto huenda skuli na chuoni.

Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2019 hayakuonesha tofauti kubwa ya maambukizi baina ya makundi matatu. Wapo watakaosema basi mashauriano yalikuwa kazi bure. Hoja hiyo haina uzito: sehemu ya kufulia iliyowekwa bila kuwauliza wafuaji hubaki jiwe tupu, na jaribio lake halimfundishi mtu lolote.

Pemba ilipata funzo jengine, zito zaidi. Katika utafiti wa kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na asidi ya foliki, utoaji wa vidonge hivyo ulisimamishwa Agosti 2003. Ilibainika kuwa waliopewa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufariki au kulazwa hospitali. Kamati ya usalama ndiyo iliyoshauri kusimamisha. Mzazi anayeshirikishwa tangu mwanzo ana haki ya kujua kamati hiyo ipo, inatazama nini, na jaribio litasimama lini.

Haya hayahusu visiwa peke yake. Mpango ulioandikwa mjini waweza kumtaka mkaazi wa Kintinku, katika Wilaya ya Manyoni mkoani Singida, ahudhurie kituo cha afya kila wiki. Yeye ndiye ajuaye msimu wa kilimo, urefu wa njia na nani atabaki na watoto. Asipoulizwa, ataacha njiani, na hesabu za watafiti zitaharibika.

Kwa upande wa Bara, kibali cha maadili ya utafiti wa afya hutolewa chini ya NIMR, na majaribio ya dawa huidhinishwa na TMDA. Zanzibar, utafiti wa afya husimamiwa na ZAHRI. Anayeombwa kushiriki anaweza kutaka kuoneshwa kibali hicho, na kuuliza ni wananchi gani walioshauriwa. Akikataa, au akijitoa baadaye, matibabu yake ya kawaida hayapungui.