Ugomvi wa Cambridge Ndani ya Simu za Voi

Kwa fundi wa simu karibu na steji ya Voi utakuta simu tatu nne zimefunguliwa mezani, bodi zikiwa wazi. Iwe ya kugusa au mulika mwizi, chipu inayoendesha karibu kila mojawapo imesanifiwa kwa mtindo wa ARM. Mtindo huo ni tunda la ushindani wa kampuni mbili za mji mmoja wa Uingereza, Cambridge.

Clive Sinclair, mwenye kampuni ya kwanza, alitanguliza bei. Kompyuta yake ya nyumbani, ZX80, ilitoka 1980 kwa chini ya pauni 100. Mwaka uliofuata ZX81 ilishuka hadi pauni 69.95, kwa kuwa kazi ya chipu 21 za mashine ya kwanza sasa ilifanywa na chipu nne. Skrini ilikuwa televisheni ya nyumbani, na kazi ilihifadhiwa kwenye kaseti za kawaida. Kumbukumbu ilikuwa kilobaiti moja tu. Aliyetaka zaidi alichomeka kijisanduku nyuma ya mashine, nacho kikitikisika kidogo, programu aliyoihangaikia jioni nzima hupotea.

Chris Curry, aliyekuwa mtu wa karibu wa Sinclair kazini, alianzisha kampuni ya pili, Acorn, pamoja na Hermann Hauser mwaka 1978. BBC ilipotafuta kompyuta ya kuandamana na vipindi vyake vya kufundisha umma, kampuni zote mbili ziliitaka kazi hiyo. Sophie Wilson na Steve Furber wa Acorn waliunda mashine ya majaribio kwa siku chache, wakashinda. BBC Micro ilitoka Desemba 1981; toleo lake kubwa liligharimu pauni 335. Sinclair alijibu 1982 kwa Spectrum ya pauni 125. Acorn nayo ikafuata njia ya Sinclair: mwaka 1983 ilitoa Electron, yaani BBC Micro iliyopunguzwa, sehemu kubwa ya kazi zake zikiwa zimekusanywa ndani ya chipu moja. Uhasama ulifika mahali Sinclair akamvamia Curry ndani ya baa, Desemba 1984, kwa sababu ya tangazo la gazetini.

Mimi naona uamuzi bora kuliko yote katika miaka ile ni tundu moja la BBC Micro, lililoachwa ili mashine iweze kuongezewa prosesa ya pili. Ni kwa njia hiyo chipu ya kwanza ya ARM ilifanya kazi, Aprili 26, 1985. Wasanifu wake wa Acorn walitaka iwekwe katika ganda la plastiki, ambalo ni rahisi, kwa hiyo ilibidi isipate joto sana. Walipoipima, ilitumia umeme kidogo kuliko walivyotarajia. Anayechaji simu kwa sola huko Kasigau ananufaika na ubahili huo hadi leo.

Lakini kuna jambo ambalo wahasimu hao walikubaliana, nalo hatujalirithi. Ukiwasha ZX81 au BBC Micro, mashine ilikusubiri uandike amri kwa lugha ya BASIC. Kucheza tu hakukuwezekana bila kwanza kuiambia jambo. Tableti zilizoanza kugawiwa wanafunzi wa darasa la kwanza nchini Kenya mwaka 2016, kupitia Chuo Kikuu cha Moi na JKUAT pamoja na wabia wao wa nje, zilikuja na masomo yaliyotayarishwa. Mtoto aliyafungua, akayatazama, akajibu maswali. Hilo lina faida yake, ila halimfundishi kuunda kitu. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) iliidhinisha mtaala wa kuandika programu, na mtaala huo unahitaji kibodi na mashine inayomtii mtoto.

Shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa, lakini vyuo vya mafunzo ya ufundi viko mikononi mwa kaunti. Basi ombi langu ni kwa wanaoidhinisha ununuzi wa kaunti huko Wundanyi na Mwatate: kabla ya kuuliza bei ya kompyuta ya chuo, ulizeni kama kijana wa Taveta ataweza kuandika programu yake na kuiendesha siku ambayo intaneti haipo. Kama hawezi, msiinunue.