Hesabu ya Masomo ya Ng'ambo Kabla ya Kuuza Shamba

Hakuna habari inayoenea upesi katika masoko ya Ukambani kama habari ya kijana aliyeandikiwa barua ya kukubaliwa katika chuo kikuu cha ng'ambo. Barua ikisomwa Kalamba asubuhi, jioni imekwisha julikana Wote, na kabla ya juma kwisha wazee wameketi chini ya mwembe kuchagua mweka hazina wa harambee. Mambo hayo ni ya sifa, wala sina nia ya kuwavunja moyo watu wanaosaidiana. Sisi Wakamba tulikuwa na mwethya tangu zamani, watu wakikusanyika kumjengea jirani nyumba au kumlimia shamba, na harambee ya karo ni mtoto wa mwethya. Lakini katika kazi yangu ya ukarani nimeonyeshwa makaratasi ya jamaa waliokwisha uza ng'ombe, na wengine ekari za shamba, kabla hawajaketi kufanya hesabu. Hesabu hiyo ndiyo nitakayo kuizungumza hapa.

Yapasa kwanza ifahamike kwamba barua ya chuo ni ruhusa ya kusoma tu. Ruhusa ya kuingia katika nchi hutolewa na serikali ya nchi ile, nayo ndiyo viza. Ofisa wa viza hashughuliki sana na akili za kijana, maana jambo hilo chuo kimekwisha liamua. Yeye huuliza fedha ziko wapi, ni za nani, na zimekaa hapo tangu lini. Maswali hayo matatu ndiyo yanayowaangusha watu wetu wengi.

Tutazame Uingereza, kwa kuwa ndiyo nchi ambayo sheria zake za fedha zimeandikwa waziwazi kuliko nyingine. Tangu Novemba 2025 mwanafunzi anayekwenda kusoma nje ya mji wa London hutakiwa aonyeshe pauni 1,171 za matumizi kwa kila mwezi, hata kufikia miezi tisa, yaani pauni 10,539. Akienda London kwenyewe, ni pauni 1,529 kwa mwezi. Juu ya hizo huonyesha karo ya mwaka wa kwanza, yote ambayo bado hajailipa. Fedha hizo ni sharti ziwe zimekaa katika benki siku 28 mfululizo, zisipungue chini ya kiasi kile hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita siku 31 kabla ya maombi kupelekwa. Tena akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi wake, au ya mlezi anayetambuliwa na sheria. Na ikiwa ni ya mzazi, kijana aonyeshe cheti cha kuzaliwa pamoja na barua ya mzazi ya kukubali.

Sasa fikiri jinsi harambee zetu zinavyofanywa. Siku huchaguliwa karibu kabisa na siku ya safari, ili wageni wamwone kijana akiagwa. Fedha hukusanywa katika simu ya mweka hazina, au huwekwa katika akaunti ya mjomba kwa sababu mjomba ni mtu mwaminifu. Mjomba anaweza kuwa mwaminifu kuliko watu wote wa Makueni, lakini kwa sheria ile akaunti yake haihesabiwi. Wala akaunti ya kaka aliye na kazi Mombasa haihesabiwi. Basi fedha zikihamishiwa kwa mzazi, siku 28 zaanza kuhesabiwa upya tangu siku hiyo, na huku chuo kinakaribia kufunguliwa. Nimesikia wazee wakinung'unika kwamba kijana amenyimwa viza ingawa fedha zilikuwapo. Naam, zilikuwapo, ila hazikuwa mahali panapotakiwa kwa muda unaotakiwa.

Kwa hiyo shauri langu ni kwamba harambee ifanywe miezi mitano au sita kabla ya safari, mara baada ya watu kuuza ndengu na maembe. Kwa bahati njema mavuno yetu yanaafikiana na jambo hili. Maembe huiva sana kati ya Desemba na Machi, wakati ambapo kiwanda cha matunda cha kaunti kilichoko hapa Kalamba huwa na kazi nyingi, na vyuo vya Uingereza huanza mwaka wao mwezi wa Septemba. Fedha zilizokusanywa Machi na kutiwa katika akaunti ya mzazi hukaa tayari zikingojea. Ofisa naye akiuliza zilitoka wapi, jamaa waonyeshe daftari ya michango na hati ya mauzo.

Je, fedha zenyewe ni ngapi? Vyuo vingi vya Uingereza humtoza mgeni pauni 15,000 kwa mwaka na kupanda, na masomo ya udaktari hupita hapo mara nyingi. Tuchukue hizo 15,000. Ongeza matumizi, pauni 10,539. Ongeza ada ya viza, ambayo mwaka 2025 ilikuwa pauni 524. Tena kuna ada ya matibabu ya pauni 776 kwa kila mwaka, nayo hudaiwa yote kwa mara moja kabla ya kuondoka, hata kwa miaka ambayo bado haijafika; kwa masomo ya miaka mitatu hupita pauni 2,300. Mtu akihesabu pauni moja kwa shilingi 170, mwaka wa kwanza peke yake wakaribia shilingi 4,800,000, wala hatujataja nauli, wala cheti cha kupimwa kifua kikuu ambacho kila Mkenya anayekwenda kusoma huko zaidi ya miezi sita hutakiwa kuwa nacho.

Nauli naitaja mwisho kwa makusudi. Wazee wetu hukumbuka habari za mwaka 1959, Tom Mboya alipopata marafiki huko Marekani wakakodi ndege, na vijana 81 wakaondoka Nairobi mwezi wa Septemba. Mwaka uliofuata shirika la ukoo wa Kennedy lilitoa dola 100,000 ili safari hizo ziendelee. Siku zile ndege yenyewe ilikuwa mlima mkubwa wa kupanda, maana wengi wa wale vijana vyuo vilikuwa vimewasaidia karo. Tangu hapo tumezoea kudhani kwamba kijana akipata tikiti, amefika. Siku hizi nauli ndiyo sehemu ndogo ya hesabu, na mwaka wa pili ndio sehemu kubwa, kwa sababu harambee ya pili haichangiwi kama ya kwanza. Kila mtu hudhani kijana sasa yuko kwa wenye mali na anajitegemea.

Kweli anaweza kufanya kazi, lakini kwa kipimo. Nchini Uingereza mwanafunzi wa chuo kikuu huruhusiwa saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Marekani ni saa 20 pia, nazo ndani ya chuo chenyewe. Mshahara wa saa hizo humsaidia mtu kula, haumlipii karo. Akishindwa kulipa na chuo kikamwondoa, viza yake nayo haina nguvu tena.

Ujerumani husifiwa kwamba haitozi karo, na sifa hiyo kwa sehemu kubwa ni ya haki, kwani vyuo vingi vya serikali huko havitozi. Hata hivyo jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wageni euro 1,500 kwa kila nusu mwaka tangu 2017. Na popote aendapo, mwanafunzi hutakiwa aweke katika akaunti maalumu fedha za mwaka mzima, ambazo tangu Septemba 2024 ni euro 11,904, naye hupewa humo euro 992 kila mwezi. Kwa shilingi 150 kwa euro, ni karibu shilingi 1,790,000. Juu ya hayo, cheti cha KCSE peke yake mara nyingi hakimwingizi mtu moja kwa moja katika chuo kikuu cha huko. Hupitishwa kwanza katika mafunzo ya matayarisho, na lugha ya Kijerumani haina budi kujifunzwa.

Marekani haina sheria ya siku 28. Chuo hutoa fomu iitwayo I-20, iliyoandikwa gharama zote za mwaka, kisha kijana huenda kuhojiwa ubalozini Gigiri. Kabla ya hapo hulipa dola 350 za kuandikishwa na dola 185 za maombi ya viza, jumla kama shilingi 69,000, na viza ikikataliwa hazirudishwi. Sheria iliyotiwa sahihi Julai 2025 iliagiza ada nyingine ya dola 250, na yampasa mwombaji aulize kama imekwisha anza kudaiwa siku atakapoomba. Katika mahojiano ofisa hutaka kusadiki mambo mawili: kwamba mlipaji anaweza kulipa, na kwamba kijana atarudi kwao. Kijana aliyekaririshwa majibu na dalali hujulikana upesi.

Kuna vyuo vichache vya Marekani, kama Harvard, Yale, Princeton na Amherst, ambavyo mgeni akikubaliwa hulipa kadiri jamaa yake inavyoweza. Kuingia humo ni kugumu mno. Tena tarehe ya mwisho ya maombi huwa mwanzoni mwa Januari, wakati matokeo ya KCSE yanapotoka au hata kabla yake. Basi mwanafunzi aombe akiwa bado kidato cha nne, au akubali kungoja mwaka mmoja.

Juu ya madalali sitasema mengi. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizolipa katika mpango wa kaunti yao wa kupeleka vijana Finland na Kanada, na vijana wengine waliokwisha fika Finland wakaambiwa karo yao haijalipwa. Jambo hilo lilifika mbele ya Seneti, kisha mahakamani. Ikiwa mpango wenye muhuri wa serikali ya kaunti uliweza kufikia hapo, mtu mwenye meza moja katika ghorofa ya Nairobi apewe karo kwa sababu gani? Karo hulipwa katika akaunti ya chuo chenyewe, na risiti hutoka chuoni.

Hapa nitie neno dogo la kikarani. Majina yetu huandikwa kwa namna nyingi. Mtoto ni Musyoka katika cheti cha kuzaliwa, Musioka katika cheti cha KCSE, na katika kitambulisho jina la babu limetangulia. Mambo hayo yarekebishwe kabla ya kuomba pasipoti, ambayo ada yake tangu 2024 ni shilingi 7,500 kwa kitabu kidogo. Kurekebisha jina katika vyeti vya mitihani huchukua miezi.

Kwa maoni yangu, jamaa isiyo na milioni tano isitamani digrii ya kwanza ya ng'ambo bila ufadhili kamili. Tunacho chuo kikuu chetu cha SEKU huko Kwa Vonza, Kitui, kilichopewa hati yake mwaka 2013, na kijana akisoma vizuri hapo anaweza kutafuta digrii ya pili kwa fedha za wengine. Njia hiyo si ngeni kwetu. Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alisoma Alliance, akapata digrii yake Makerere, ndipo akaenda Barrington College huko Rhode Island, na mwaka 1963 akapata udaktari wa falsafa Cambridge.

Ufadhili wa digrii ya pili upo, na ulio mkubwa hulipa karo, nauli na matumizi. Jumuiya ya Madola imekuwa ikitoa wake tangu mwaka 1960. Ujerumani hutoa kwa njia ya DAAD. Ule wa Chevening wa serikali ya Uingereza ni wa mwaka mmoja, humtaka mtu awe amefanya kazi saa 2,800, yaani kama miaka miwili, na arudi nyumbani kukaa miaka miwili baada ya masomo. Maombi yake kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba, wala hakuna ada ya kuyapeleka.