Cheti cha lugha hakimalizi safari ya muuguzi

Msimu wa baridi, zamu ya asubuhi katika wodi za Ujerumani huanza kukiwa bado giza. Muuguzi wa usiku anakabidhi wagonjwa harakaharaka, kwa vifupisho, pengine kwa lahaja ya Bavaria ambayo mgeni hakuisikia darasani Nairobi. Mwanafunzi kutoka Kenya anaitikia kwa kichwa. Akiulizwa kama ameelewa, anajibu ndiyo. Kwao, kumkatiza mkubwa ni utovu wa adabu. Pale wodini, aliyenyamaza huhesabiwa ameelewa, na mgonjwa aliyepaswa kugeuzwa kitandani huenda akaachwa vivyo hivyo hadi apate vidonda vya kulalia.

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin, Septemba 2024, mazungumzo mengi hapa nyumbani yamekuwa ya viza, ada na cheti cha Kijerumani. Yanayomsubiri kijana baada ya kufika hayazungumzwi sana. Mafunzo ya uuguzi huko ni ya miaka mitatu: saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za vitendo. Sheria iliyoanza kutumika 2020 inataka angalau asilimia 10 ya saa za vitendo mwanafunzi aelekezwe na mkufunzi aliyesomea kazi hiyo. Ni kama saa 250. Wodi ikipungukiwa na wafanyakazi, ni rahisi saa hizo kuliwa, na anayeumia zaidi ni mgeni. Waajiri wanaokuja kutafuta vijana wetu waulizwe waziwazi watazilinda vipi.

Kuna jambo linalowashtua hata waliowahi kusomea uuguzi hapa. Katika hospitali zetu nyingi, jamaa ndio humwogesha mgonjwa na kumlisha uji. Ujerumani, kazi hiyo ni ya wauguzi. Binti anajikuta akimwosha mzee wa rika la babu yake, na haya inamshika. Anahitaji mtu wa kusimama naye kando ya kitanda: amwonyeshe kwamba sehemu isiyooshwa hufunikwa taulo, kwamba mgonjwa huelezwa kila hatua kabla ya kuguswa, na kwamba kikongwe wa miaka tisini haitwi “bibi”, huitwa kwa jina la ukoo. Malezi mema anayo tayari; mbinu ndizo hajazijua.

Mkufunzi hodari haulizi “umeelewa?” Humwomba mwanafunzi arudie maagizo kwa maneno yake, na kosa hujitokeza kabla halijamfikia mgonjwa. Nasi tunaweza kuanza mazoezi hayo kwenye madarasa ya lugha Nairobi, wanafunzi wazoee kumwambia mwalimu: sijaelewa, rudia tafadhali.

Familia nazo zinahusika. Posho ya mafunzo huonekana nono ikigeuzwa shilingi, lakini hukatwa bima, kisha kuna pango na nauli. Kijana anayeanza kuombwa karo na michango ya harusi hata kabla hajanunua koti la baridi atatafuta kibarua cha wikendi, siku ambazo angelala au kusoma. Angalau mwaka wa kwanza, apigiwe simu ya kujuliwa hali tu.