Matone Mawili kwa Miguu ya Mtoto

Sisi wauguzi wa siku nyingi tunawakumbuka watoto waliotambaa sakafuni kwa sababu ya polio. Ugonjwa huu hauna dawa. Una kinga tu. Mwaka 1985 vilabu vya Rotary duniani, ambavyo hata hapa Moshi vipo, vilianza kuchangia chanjo yake. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina virusi vya asili vya polio. Lakini Februari 2022 vilionekana tena kwa jirani zetu, Malawi.

Mama wa Kibosho, Marangu na Rombo, najua njia huteleza wakati wa masika. Hata hivyo, mtoto apate matone anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wafadhili wametoa fedha. Kumfikisha mtoto kliniki ni kazi yetu. Baba naye asibaki nyumbani.