Nyama ya Jana Ndani ya Mkate wa Leo

Garsen ni mahali pa njia panda. Barabara itokayo Malindi hufika hapo, kisha njia moja huelekea Witu na Lamu, na nyingine hupanda kuufuata mto Tana kwenda Hola na Garissa. Kwa sababu hiyo watu hawakosi kupita: madereva wa malori, wachuuzi wa mifugo, watumishi wa Serikali walio safarini, na wanafunzi warudio shuleni. Na palipo wasafiri na mifugo hapakosi jiko la makaa na mbavu za mbuzi juu yake.

Nyama ya kuchoma huliwa ingali moto, kwa chumvi na pilipili, na hapo haihitaji mwalimu. Lakini si yote iliwayo. Baada ya harusi, baada ya Idi au Krismasi, au usiku ule ambao wageni walitazamiwa wasifike, hubaki nusu ya paja au sahani nzima ya vipande. Ndipo lijapo swali ambalo kila mwenye nyumba analijua: kesho itafanywaje?

Watu wa pwani wana majina ya chakula hicho. Huitwa kiporo, wengine husema uporo, na kile kilichobaki usiku kikaliwa asubuhi huitwa mwiku. Wali wa kiporo kwa chai una wapenzi wake wengi, lakini nyama ya kiporo haijapata bahati hiyo. Hupashwa moto hata ikawa ngumu kama soli ya kiatu, au hutupiwa paka, au, jambo lililo baya kuliko yote, huachwa ndani ya sufuria iliyofunikwa mpaka mchana wa pili, kisha wakapewa watoto. Katika nchi ya Tana hasara hiyo si ndogo. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliua mifugo mingi sana huko na katika kaunti nyingine kavu za Kenya, na mtu aliyemchinja mbuzi mmoja kati ya wachache waliomsalia hana nyama ya kuchezea.

Ulaya wana dawa yao ya zamani. Waingereza huchoma paja la nguruwe siku ya Jumapili, na Jumatatu hulikata likiwa baridi, vipande vyembamba, wakavitia katikati ya vipande viwili vya mkate pamoja na haradali au rojo ya matufaha. Chakula cha namna hiyo ndicho sandwichi, kilichopewa jina la bwana mkubwa mmoja, John Montagu, Earl wa Sandwich, na jina hilo limo katika maandishi ya Kiingereza tangu mwaka 1762. Watu hudhani kwamba utamu wake ni wa nguruwe mwenyewe. Sivyo. Nyama ile ina mafuta mengi, na mafuta yakipoa huganda na kuuchosha ulimi. Ukali wa haradali na uchachu wa matufaha huyakata mafuta hayo, na mkate huyanyonya yaliyosalia. Hiyo ndiyo siri yote.

Upande wa Garsen nguruwe si nyama ya kumwandalia mgeni. Waorma na Wawardei ni Waislamu, na vivyo hivyo Wapokomo wengi, hasa wale wa sehemu za juu za mto. Wakristo wako zaidi sehemu za chini, kama vile Ngao na Golbanti, ambako wamisionari walifika katika miaka ya 1880. Nguruwe ajulikanaye zaidi na wakulima ni yule wa mwituni, aingiaye shambani usiku akachimbua mihogo, naye hana rafiki kwa Mwislamu wala kwa Mkristo. Basi hapa nyama ni ya mbuzi, kondoo au ng'ombe, na mahali pa matufaha pana maembe. Kanuni ni ile ile, na huenda chakula kikapendeza zaidi.

Lakini kabla ya kuzungumza utamu yafaa kuzungumza usalama, maana Garsen si London. Hapa joto hupita daraja 30 mara nyingi, na nyumba nyingi za vijijini hazina friji. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe wazi katika joto la kawaida kupita saa mbili. Kiwekwe penye baridi chini ya daraja 5, au kishikwe na moto zaidi ya daraja 60. Kati ya hapo ndipo vijidudu vizaapo kwa haraka. Wengi husema, "Haidhuru, nitaichemsha tena kesho." Neno hilo ni kweli nusu tu. Moto huwaua vijidudu wenyewe, lakini baadhi yao huwa wamekwisha kutoa sumu ndani ya nyama, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Wengine huacha mbegu zisizokufa kwa moto wa jikoni, nazo huamka nyama ikipoa polepole ndani ya sufuria kubwa. Ndiyo sababu nyama iliyolala vibaya yaweza kuwa haina harufu yo yote, na bado ikaiangusha nyumba nzima kwa kuhara na kutapika kabla ya jua kuchwa.

Kwa hiyo kazi ya sandwichi ya asubuhi huanza usiku. Mara watu wakiisha kula, nyama itengwe na mifupa, isingoje mazungumzo yaishe. Mwenye friji aikate vipande vidogo, aitandaze katika sahani pana ipoe upesi, kisha aitie ndani. Asiye na friji na aige wafugaji. Watu wa kaskazini mwa Kenya tangu zamani hutengeneza nyirinyiri: nyama hukatwa vipande vidogo mno, huanikwa, kisha hukaangwa katika mafuta mpaka maji yote yametoka, ikahifadhiwa ndani ya mafuta hayo hayo katika chombo kilichofungwa. Nyirinyiri iliyotengenezwa vema hukaa majuma mengi, kwa kuwa vijidudu havistawi pasipo maji. Nyama ya kuchoma iliyobaki haitazamiwi kukaa muda huo. Inatosha kuivusha usiku mmoja. Ikatwe ndogo, itiwe chumvi, ikaangwe kwa samli usiku ule ule mpaka ule mvumo wa maji katika mafuta umenyamaza, kisha ifunikwe katika chombo safi na kikavu. Ikiwa nyama imekwisha kukaa wazi tangu magharibi hata saa nne ya usiku, mpango huu hauiokoi, na sandwichi iachwe mpaka siku nyingine.

Asubuhi na tuje kwenye mkate. Boflo la dukani lafaa sana, hasa lile la jana, kwani mkate mpya mno hulowa ukavunjika mkononi. Chapati pia yafaa. Watu wa Mombasa hawahitaji kuambiwa habari za nyama ndani ya unga, kwa maana mkate mayai wao, unga mwembamba uliokunjwa juu ya nyama ya kusaga na yai kisha ukakaangwa, ni ndugu wa sandwichi ingawa haukuzaliwa Uingereza.

Kwa watu wanne yatosha robo kilo ya nyama isiyo na mifupa. Kama ilikaa katika friji bila kukatwa sana, ikatwe ingali baridi, maana nyama baridi hukatika nyembamba, nayo ikatwe kwa kuupinga uzi wake, si kwa kuufuata. Nyama ya kiporo hushindwa kwa sababu mbili: maji yake yamekwenda, na mafuta yake yamepata harufu ya uzee. Dawa ya kwanza ni kuirudishia maji. Kitunguu kimoja kikaangwe mpaka kibadilike rangi, kitiwe kitunguu saumu na nyanya moja, kisha nyama, pamoja na vijiko vitatu au vinne vya maji au mchuzi. Sufuria ifunikwe, moto uwe wa wastani, na nyama ifuke mvuke mpaka iwe moto kabisa hata katikati. Ipashwe mara hii moja tu. Kile kitakachobaki tena kisirudishwe jikoni.

Dawa ya pili ni uchachu, na hapo nchi ya Tana ina utajiri wake. Embe bichi moja likwaruzwe, lichanganywe na kitunguu kibichi kilichofikichwa kwa chumvi na kuoshwa, pilipili kidogo, kotimiri, na maji ya ndimu. Wakati usio wa maembe, ukwaju ulioloweshwa na kukamuliwa hufanya kazi hiyo, au achari ya chupa kwa mtu mwenye haraka. Achari hii isipikwe pamoja na nyama. Ukali wake ukiisha kuchemka hupotea, na nyama hubaki na ladha yake ya jana.

Mkate ukatwe, na upande wa ndani uchomwe juu ya kikaango kile kile kilichopikiwa nyama, mpaka uwe mkavu na kushika rangi. Wapishi wengi huiruka hatua hii, kisha wakalalamika kwamba mkate umekuwa uji. Upande uliochomwa huzuia mchuzi usipenye. Kisha nyama chini, achari juu yake, mkate ukafunikwa na kukandamizwa kwa kiganja kidogo.

Samaki wa mtoni, kambare au perege, hufaa pia, lakini huharibika upesi kuliko nyama, na mifupa yake itolewe kwa vidole wala si kwa macho. Msomaji wa bara alaye nguruwe aweza kutumia embe na ndimu vile vile, mradi nguruwe wake aliiva kabisa siku ya kwanza. Aliyeliwa mbichi mbichi huleta tegu.

Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 yalipokata barabara za Tana, wasafiri walikaa njiani kwa muda ambao hawakuupanga, na chakula kikavu kilionekana thamani yake. Sandwichi hii si chakula cha namna hiyo. Ikiwa yafungwa ili mtu aende nayo, ifungwe katika karatasi safi, achari katika kichupa chake mbali, naye aondokaye Garsen alfajiri aile kabla gari halijafika mbali. Ikiwa jua limepanda nayo bado imo mfukoni, mbwa wa kituoni wanaingojea.