Samaki wa Ziwa Tanganyika Katika Sanduku la Kioo

Mtu atokaye Kibondo akapita Kasulu na kushuka mpaka Kigoma huiacha nchi ya milima na baridi yake ya usiku, akafika pwani ya Ziwa Tanganyika, lililo juu ya bahari kiasi cha meta 770 tu. Watu wa milimani huwajua samaki wa ziwa hili wakiwa wamekwisha kukauka: dagaa na migebuka. Lakini kando ya ziwa, katika mawe yaliyo chini ya maji, wako samaki wengine, wadogo, wa rangi nyingi, wasiomfaa sana mpishi. Hao kwa miaka mingi wamechukuliwa wazima kwa ndege mpaka Ulaya na Marekani, wakatiwa katika masanduku makubwa ya kioo na kutunzwa nyumbani, kama wengine watunzavyo matumbawe na samaki wa bahari. Aina za ukoo wa perege peke yake katika ziwa hupita 200, na karibu zote hazionekani mahali pengine duniani.

Si ajabu watu kulifananisha ziwa hili na bahari. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza J. E. S. Moore alifika mara mbili kulichungua. Aliona yavuyavu wakielea majini, na konokono wenye magamba manene kama ya pwani, akadhani kwamba zamani za kale ziwa lilikuwa mkono wa bahari. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitolewa mwaka 1903. Leo yajulikana kwamba sivyo. Ziwa lilitokea ardhi ilipopasuka na kudidimia, na magamba yale yalizidi unene kwa sababu wamo kaa wenye magando yenye nguvu, ambao huvunja konokono na kuwala. Kwa hiyo atiaye kaa na konokono katika sanduku moja ajue kwamba amemwandalia kaa chakula.

Kazi ya kujaza sanduku huanza na maji, wala si samaki. Maji ya ziwa yana magadi kidogo na madini mengine yaliyoyeyuka. Maji ya mvua yaliyokingwa katika bati hayana. Chumvi ya Uvinza, hata ikitiwa kibaba kizima, haiwezi kuyageuza maji ya mvua kuwa maji ya ziwa, maana hiyo ni chumvi ya jikoni, na ya ziwa ni ya namna nyingine. Mchanga wa magamba na mawe ya chokaa husaidia, na konokono nao hupata humo chokaa ya kujengea nyumba zao. Tena maji ya ziwa karibu na pwani huwa na joto la digrii 24 hadi 27 mwaka mzima. Katika usiku wa Juni huko Kasulu, sanduku lisilo na cha kulipasha moto lingepoa upesi.

Baada ya maji na mawe, hapana budi kungoja, na hapa ndipo wengi washindwapo. Uchafu wa samaki na chakula kilichobaki huoza na kutoa sumu iitwayo amonia. Katika ziwa lenye kina cha meta 1,470 sumu hiyo hutawanyika. Katika sanduku haina pa kwenda, na katika maji yenye magadi ukali wake huzidi. Dawa yake ni bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hukaa juu ya mawe na mchanga. Namna moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo ni sumu bado. Namna ya pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana, na hiyo mwenye sanduku huipunguza kwa kubadili sehemu ya maji. Vijidudu hivi huhitaji majuma manne hata sita kuenea. Atiaye samaki kumi siku ya kwanza huwaokota wamekufa kabla ya mwezi kwisha, na maji yangali meupe kabisa.

Mawe yakianza kuota mwani, hutiwa konokono na uduvi, ambao huula. Kisha samaki, wachache wachache. Wako wadogo wa urefu wa kidole ambao hukaa na kuzaa ndani ya magamba matupu ya konokono. Hao huhitaji magamba na mchanga tu. Wako waitwao Tropheus, wakwanguao mwani juu ya mawe. Hao ni wagomvi: wakiwa watatu au wanne humpiga aliye dhaifu mpaka afe, lakini wakiwa wengi ugomvi huenea kwa wote, wala haumwangukii mmoja.

Wa ajabu kupita wote ni gogogo mwenye madoadoa. Samaki wengi wa ukoo wa perege hubeba mayai yao kinywani. Mama anapotaga, gogogo hujipenyeza na kuyaacha mayai yake kati ya yale, naye mama huyaokota yote pamoja. Watoto wa gogogo huanguliwa kwanza, nao huwala watoto wenye nyumba humo humo kinywani, mama asijue.

Kwa kuwa Tropheus hapendi kuvuka mchanga, kila sehemu ya pwani yenye mawe ina wake wenye rangi yao. Wavuvi wakiwamaliza katika ghuba moja, rangi ile haina pa kutoka tena.

Liko na jambo lingine litokalo milimani. Mto Malagarasi hupita katika mabwawa makubwa, na matope yake mengi hubaki humo. Lakini mito mifupi huyatupa matope yake ziwani moja kwa moja. Miti ikikatwa na mashamba yakilimwa mitelemkoni bila matuta, mvua huchukua udongo mpaka kwenye mawe ya pwani. Hapo matope huufunika mwani na kuziba nyufa walimojificha samaki, na mahali palipokuwa na aina nyingi hubaki chache. Tropheus akikwangua jiwe, hujaza kinywa udongo.